Neno la Mukaka Nililokunyima

Butembo, saa kumi jioni

Kavugho mwanangu,

Uko saluni unasukwa nywele za safari, na mvua imenifungia humu dukani pamoja na makatoni ya parasetamoli. Kwa jinsi yule dada anavyosuka huku akiongea, nina saa mbili na zaidi kabla hujarudi. Zinanitosha nikianza sasa bila kuzungukazunguka.

Mambo ya sweta, pasipoti, na kutokubali kubeba mzigo wa mtu usiyemjua pale Entebbe, Mama Mkubwa wako Masika ameshayasema yote kwenye simu, mengine mara tatu. Mimi nina moja tu. Mukaka wako, mama yangu, aliniachia neno nikupe. Ni dawa yake ya walioungua moto, ile ambayo watu walikuwa wakiifuata mpaka kwake Mabalako wakitokea hata Kasugho. Nimekaa nalo miaka minne. Uliponiuliza nilikwambia hakuacha kitu. Nilidanganya, na nilidanganya kwa wivu. Neno hilo, wivu, nimeliandika haraka kabla sijalitafutia jina zuri zaidi.

Barua hii nitaiweka chini kabisa ya mkoba wako mdogo. Utaikuta ukishavuka mpaka wa Kasindi, wakati huwezi tena kugeuza gari. Nimepanga hivyo makusudi, kwa sababu sitaki kuona uso wako ukiisoma.

Wivu wenyewe ni mkubwa kuliko umri wako. Unajua jinsi dawa inavyorithiwa kwetu, ila hujui ilivyokuwa kwangu. Nilipotimiza miaka tisa, Mama alinipeleka nyuma ya shamba la kakao, akachuma jani, akaniwekea juu ya ulimi, akaniambia nifunge mdomo. Ndivyo alivyofanyiwa yeye, na wewe ukafanyiwa hivyo hivyo: jani chungu, mdomo umefungwa, kutembea mpaka nyumbani bila kutema wala kumeza. Anayefika nalo anafundishwa. Asiyefika anaendelea na maisha yake. Mimi niliishia mtoni. Masika alikuwa anafua pale, akanikunjia uso akanifanyia sura ya mbuzi anayetafuna, nikacheka, jani likatoka na kwenda na maji.

Mama hakunipiga. Alinichukulia mkononi kikapu cha kuchumia dawa akasema, "Ulitema. Hakuna shida."

Hakuna shida! Afadhali angenichapa. Nilingoja anijaribu tena mwaka huo, na mwaka uliofuata, na nilipoolewa nikaja huku Butembo nilikuwa bado ninangoja. Hakurudia. Nikimfuata porini alinipa kazi ya kushika panga au ya kubeba, na akifika kwenye mti wenyewe aliniambia nisimame palepale nimngoje. Masika, ambaye hakuwahi hata kutamani, anacheka mpaka leo kuhusu ile sura ya mbuzi. Mimi sijawahi kuona cha kuchekesha.

Watu wanafikiri farmasi hii niliifungua kwa biashara, kama kila mtu wa Butembo. Niliifungua kwa hasira. Nilitaka watu waache kwenda kwa Mama waje kwangu, niwape dawa yenye karatasi ya maelezo ndani ya boksi. Na walikuja. Lakini mtu akishapokea vidonge vyake, alikuwa anainama kidogo juu ya kaunta na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Na mama yako, anapandaka huku siku gani?" Niliwajibu kwamba amezeeka, hasafiri tena. Na wakati huohuo alikuwa anatembea kwa miguu kutoka shambani mpaka Mangina na kurudi bila kupumzika.

Kisha ukaja wewe. Likizo ile ulikuwa na miaka saba. Ulishuka kwenye pikipiki ukakimbilia mlangoni, midomo ya kijani, na kabla ya kunisalimu ulisema, "Mama, sikutema!"

Nilikupeleka kwenye beseni nikakusugua midomo kwa sabuni ya kufulia mpaka ukalia. Nilikwambia majani yana vijidudu. Umeshawasimulia watu wengi habari hiyo, unawachekesha, mama muuza dawa anayeogopa vijidudu vya majani. Leo nakwambia hakukuwa na kijidudu chochote. Nilikuwa nasugua rangi ile kwa sababu haikuwa juu ya midomo yangu.

Kuanzia hapo kila likizo ulikuwa wa Mukaka. Ulirudi na vidole vinavyonuka gome, na maneno ambayo mimi binti yake sikuwahi kuyasikia. Kibaya zaidi, hukuwa mchoyo. Tulipotembea ulinivuta mkono, "Mama, hii unaijua?" Nikakujibu najua. Sikujua hata moja, na nilikuwa nayaacha majani hayo yanyauke mkononi mwako badala ya kukuuliza yanatibu nini. Kama ningesema mara moja tu, "Hapana, nionyeshe," ningejifunza nusu ya kazi ya mama yangu kutoka kwa mtoto wangu, bure, njiani tukitoka kanisani. Nilikuwa na nafasi hiyo miaka kumi na moja.

Nitaongeza na hili, maana nimeanza. Wakati wa Ebola, waliposema waganga wa majani wasiguse mgonjwa bali wampeleke kwenye kituo, Mama alitii. Alikaa barazani, mikono juu ya mapaja, akiwaelekeza watu kituoni. Mimi nilikuwa nauza sabuni na klorini kuanzia asubuhi, duka limejaa, na ndani ya moyo nilisema, sasa na yeye anajua kukaa pembeni. Watu walikuwa wanakufa, mwanangu, nami nilikuwa na nafasi ya kufurahia jambo hilo dogo.

Sasa sikiliza ilivyokuwa Beni. Mama alikuwa ameshakimbia vita vya Mabalako kama wengine, akawa anakaa kwa Masika katika komini ya Ruwenzori, katika kile chumba kinachotazama ukuta. Alipoanza kudhoofika nilifunga duka nikashuka kwenda kumuuguza. Wewe ulibaki hapa na mtihani wako wa taifa. Wiki tatu nilimwosha, nikamgeuza, nikamlisha uji kwa kijiko. Kila asubuhi akifungua macho alitafuta nyuma yangu, mlangoni.

"Kavugho atafika leo?"

"Hapana bado, Mama. Iko na examen."

"Akifika, umwingize mbio."

Hakuniuliza kama nimelala. Najua mgonjwa haulizi, najua, ila nakwambia nilivyosikia. Nilikuwa naukausha mgongo wa mwanamke ambaye alikuwa anamngoja mtu mwingine.

Siku ya Jumatano, Masika akiwa jikoni, alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo sikudhani bado anayo.

"Mutoto hatafika," alisema. "Donc weye utamwambia. Dawa ya moto njo imebakia. Zile zingine zote nilishamupatia."

"Minasikia, Mama."

"Majani ni tatu. Mafuta ni ya mbegu za mawese, hapana ile nyekundu." Akayataja majani kwa Kinande, moja moja, polepole, na kila moja akataka nirudie. Nilirudia. Kwa la tatu alicheka, kile kicheko chake cha puani. "Ile ya tatu, weye unaikanyangaka kila siku, na hauiangaliake."

Kisha akasema, "Hapana kusahau. Ni ya Kavugho."

Kama angenyamaza kabla ya maneno hayo matatu ya mwisho, pengine ningekupa siku hiyohiyo uliposhuka kwenye gari. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu Mama alikuwa ameweka dawa ndani yangu, na palepale akaniambia si yangu. Alikufa Ijumaa. Ulifika Jumamosi, ukapita watu wote uani ukanijia mimi, macho yamevimba.

"Mama, Mukaka hakuniachiaka neno?"

"Hapana, mama. Alilala tu."

Ulinishukuru kwa kumtunza. Ukanikumbatia na ukaniambia, "Wasingya." Nikaipokea asante hiyo.

Nilikuwa na mpango. Nisikufiche mpango, maana bila huo utafikiri nilikuwa na aibu tu au nilisahau. Nilitaka miaka ipite, uolewe mbali au usafiri, kisha siku moja aje mtu aliyeungua nimtibu mimi, na watu waseme Butembo nzima kwamba nimekuwa mama yangu. Nililala na wazo hilo kama mtu anavyolala na redio. Kila asubuhi nikifungua kufuli la duka nilitaja majina yale matatu kimoyomoyo. Baada ya mwaka hivi nikaacha kuyataja. Niliona yameshakuwa yangu, hayaendi popote.

Na mtu aliyeungua alikuja. Unamjua, ni mtoto wa jirani yetu anayeuza petroli kwenye madumu. Mama yake aliingia uani amembeba, mkono wa kulia umefungwa kwa kitenge chenye maji, akanipita mimi niliyesimama mlangoni, akaja kwako.

"Kavugho, weye njo mujukuu wa ule mumama wa Mabalako. Saidia mutoto."

"Ya moto hakunipatiaka," ulisema. "Twende hospitali. Mbio, mbio."

Ulimchukua ukakimbia naye peku mpaka barabarani kutafuta pikipiki. Mimi nilikuwa nimesimama na majina mdomoni. Nikiyasema, ungejua kwamba Mukaka aliacha neno. Nilipima, mwanangu. Kwa muda wa kupumua mara mbili au tatu nilipima mkono wa yule mtoto na uongo wangu, nikaingia dukani nikakutolea tyubu ya mafuta ya kupaka, nikakutupia ukiwa tayari juu ya pikipiki.

Madaktari walifanya kazi yao vizuri na mtoto anacheza mpira. Vidole viwili vya mwisho ndivyo vilivyovutwa na ngozi, havinyooki. Labda dawa ya Mama isingefanya zaidi ya hapo. Labda ingefanya. Akipita hapa dukani ananipungia ule mkono mwingine, nami nampa pipi nyingi kuliko watoto wote wa mtaa huu, na mama yake anasema nina moyo mwema.

Baada ya siku ile ndipo ulipoanza kuandika maombi ya masomo ya India. Ulisema hutaki tena mtu akuletee mtoto nawe useme hukupewa. Sikukuuliza kitu kuhusu India. Ulinieleza mwenyewe, ukimenya viazi pamoja nami, kwamba Ayurveda ni uganga wa zamani wa Wahindi wenyewe, unaosomwa chuo kikuu kama udaktari, na kwamba kuna mwingine unaitwa Unani uliotoka kwa Wayunani ukapita kwa Waarabu mpaka kule. Nikasema vizuri. Moyoni nilisema, kumbe hata majani ya Wahindi utapewa.

Halafu ikaja ile siku uliyoweka simu juu ya meza niliyokuwa namenyea viazi, ukaiegemeza kwenye chupa ya mafuta, nimwone profesa wako. Mwanamke wa umri wangu! Nilitegemea mzee mwenye ndevu, nikaona mwanamke wa umri wangu, nywele zimechanwa, ambaye alisema baba yake alimfundisha, na baba yake alifundishwa na baba yake, kurudi nyuma mpaka watu wasiojulikana majina. Yeye hakutema. Na yule Zainab, mwanafunzi mwenzako utakayelala naye chumba kimoja, babu yake ni tabibu wa Unani. Alifungua mbele ya kamera daftari la babu yake, kurasa za rangi ya chai, maandishi yanayotoka kulia. Kwao jani likisahaulika mtu anafungua ukurasa.

Profesa akakuuliza bibi yako alijulikana kwa nini zaidi. Ukamjibu, kwa walioungua. Akauliza alitumia nini. Ukasema hakuwahi kukupa. Akakwambia usihuzunike, ukatafsiri kwa furaha kwamba amekuita kwa lugha yao "binti yangu". Wewe uliona nimejikata kidole kwa kisu cha viazi ukaenda kutafuta bandeji. Sasa unajua kilichonikata.

Visa ilipotoka, niliamua kukupa. Nisijisifu: sikuamua kwa wema. Niliamua kwa sababu nilifikiri, kama huyu mwanamke atakufundisha dawa ya moto ya kwao, basi ya Mama ifike kwanza. Wivu ule ule ulionifunga mdomo ndio ulionifungua. Nilikwambia nashuka Beni kuchukua mzigo wa dawa. Nilipofika Beni nilingoja siku mbili mpaka watu waliporuhusiwa kwenda mashambani, nikaenda na majirani zetu wa zamani mpaka kwenye kiwanja cha Mama.

Jani la kwanza nililipata kabla ya jua kuwa kali. Ni lile lenye maua madogo ya zambarau, linaloota kwenye mpaka wa shamba letu na la wenzetu. La pili ni la ule mti uliokuwa nyuma ya choo, majani yake yana manyoya kwa chini. Uchume machanga tu. Nikasimama katikati ya uwanja, niseme jina la tatu nianze kulitafuta. Halikuja.

Nilisema ya kwanza na ya pili kwa sauti, nikidhani yatalivuta. Nilikaa chini. Nilikumbuka mkono wa Mama, kucha zake, kanga aliyojifunika, harufu ya uji, na kile kicheko. Jina lenyewe hakuna. Nilipiga magoti nikachuma kila kinachoota pale, kwa maana alisema nalikanyaga, nikaonja kimoja kimoja mpaka ulimi ukafa ganzi, lakini kuonja kutanisaidia nini mimi, ambaye sijawahi kuonjeshwa? Uwanja wenyewe haujakanyagwa na mtu miaka mingi, magugu yamefika kiunoni. Nilimpigia Masika. Akasema siku ile alikuwa jikoni, hakusikia kitu, na kwa nini nauliza leo. Sikumjibu.

Kwetu dawa inaingia kwa ulimi na mkono. Mimi niliipokea kwa sikio, nikaifungia, sikwenda hata mara moja kuligusa jani lenyewe. Ningekwambia siku ya msiba, ungelikimbilia ungali na machozi, na leo lingekuwa kwako, kwa mtoto wa jirani, na kwa yeyote. Nilikunyima mpaka nikajinyima. Mama hakukosea kunichukulia kile kikapu. Imeniuma kuandika sentensi hiyo kuliko nyingine zote.

Kwa hiyo pokea nilicho nacho. Majani mawili nimeyakausha, nimeyabana katika Biblia yako, kwenye Mambo ya Walawi, mahali ambapo mkaguzi wa mizigo hatafungua na wewe pia hufungui mara nyingi. Mafuta ni ya mbegu za mawese. Yachemshwe mpaka povu liishe, majani yatiwe baada ya kuyaepua motoni, si kabla. Hilo nalikumbuka vizuri, alinirudisha nyuma mara mbili. La tatu ni fupi, lipo chini, mama yako alilikanyaga kila siku. Usimpe mtu dawa hii ikiwa nusu. Itafute kwanza.

Mtu kama mimi hana haki ya kukuomba kitu, lakini nakuomba hivyohivyo, na ombi lenyewe ni baya. Pengine jani hilo linaota na kule. Pengine profesa atakuonyesha akitembea nawe bustanini, au Zainab atalikuta katika daftari la babu yake. Likitokea hivyo, mshukuru, liandike, litumie, watibu watu wa kule na watu wa huku. Ila utakaponipigia simu usiniambie kwamba ni wao waliokuonyesha. Niambie ulikuwa unatembea peke yako, ukaangalia chini, ukalikumbuka kutoka kwa Mukaka. Nitajua kwamba unadanganya. Nitakubali, nami nitakushukuru.

Mvua imekatika na nasikia sauti yako pale barabarani, unacheka na yule dada wa saluni.

Mama yako